Poka kama kazi, ukiwa Arusha: mtaji kiasi gani na hesabu zake zikoje?

Sakina_Mianzini:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua poka kwa undani, hasa Texas Hold'em (ile ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani), watoe mwanga. Za "utatajirika" na za "kamari ni laana" tuziache pembeni, nahitaji hesabu.

Hali ni hii. Mtu yuko Arusha, kazi yake ni ya utalii, hivyo masika ya Aprili na Mei anakaa bure. Sheria za mchezo anazijua. Mtaji ni shilingi milioni 3, matumizi ya mwezi kama laki 6. Aanzie meza ya ukubwa gani? Atajuaje kama kweli anaweza au alibahatika tu? Na ni lini mtu anaweza kuacha kazi na kusema sasa poka ndiyo ajira yangu? Naomba kuwasilisha.

---

Karata52:

Mkuu, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hapa mjini yanaitwa kwa jina moja. Ukiingia kasino ukakuta meza ya "poka" ambayo kila mchezaji anashindana na mgawaji, anapewa karata tano zake, na mgawaji asipopata angalau A na K mkono wake hauhesabiwi, hiyo ni Caribbean Stud au mojawapo ya ndugu zake. Pale unacheza na nyumba, na nyumba inakuzidi kwa takriban asilimia 5 ya dau lako la kwanza hata ukicheza bila kosa lolote. Anayeishi kwa meza ile ni mwenye kasino peke yake. Poka ya kufanya kazi ni ile ambayo pesa inatoka kwa mchezaji mwenzako na nyumba inakata kamisheni tu.

Sasa hesabu. Wanaocheza kwa kazi hawapimi faida kwa shilingi, wanapima kwa idadi ya blaindi kubwa (bb, yaani dau kubwa la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa) wanazopata katika kila mikono 100. Mkono ni mchezo mmoja, tangu karata kugawiwa mpaka pesa ichukuliwe. Kwenye meza za kashi za mtandaoni (unachezea pesa yenyewe, unaingia na kutoka unapotaka), mtu mwenye 3 bb kwa mikono 100 ni mchezaji mzuri kabisa. Meza moja ya watu sita inatoa mikono kama 70 kwa saa, ukifungua meza nne ni mikono 280. Chukua meza ya senti 10 na 25 (blaindi ndogo na kubwa), ambayo unakaa na dola 25, huo ndio mtaji wa meza mmoja:

280 × 0.03 = bb 8.4 kwa saa, yaani dola 2.10.

Ukicheza saa 120 kwa mwezi ni dola 252. Tukikadiria dola kwa 2,500 ili hesabu iwe rahisi, ni shilingi 630,000. Hapo huyu mtu ni mzuri, siyo wa kubahatisha. Kwa mtaji wake wa dola 1,200 ana mitaji ya meza 48 kwenye ukubwa huo, ambayo ni kiasi kinachokubalika (30 ni kidogo, 50 ni salama). Lakini asianzie hapo. Aanzie senti 5 na 10, dola 10 kwa meza, mpaka rekodi zake zithibitishe kwamba anashinda.

Na kuthibitisha ndiko kwenye shughuli. Matokeo ya poka yanayumba kwa kiwango ambacho wengi hawakitegemei: kwenye meza za watu sita mkengeuko (kipimo cha kuyumba huko) ni kama bb 90 kwa kila mikono 100. Baada ya mikono 50,000, wastani wako wa faida bado unaweza kukosea kwa bb 4 juu au chini kwa kawaida tu. Maana yake mtu ambaye uwezo wake halisi ni +3 ana nafasi kama asilimia 23 ya kuwa kwenye hasara baada ya mikono hiyo 50,000. Kwa mwendo wa mikono 280 kwa saa hizo ni saa 180 za kazi, mwezi na nusu. Na kinyume chake ni kweli: mbovu anaweza kuonekana fundi kwa muda huohuo. Miezi miwili ya masika haitoshi kukupa jibu, labda tu ikupe dalili.

Uwezekano wa kufilisika kabisa kwa mchezaji wa +3, kama hachomoi senti:

mitaji ya meza 20: asilimia 23
mitaji ya meza 30: asilimia 11
mitaji ya meza 50: asilimia 2.5

Soma tena maneno "kama hachomoi senti". Huyu wa kwako anakula laki 6 kwa mwezi, dola 240. Faida yake ni dola 252. Kwenye hesabu ya kufilisika kinachoingia siyo faida anayopata mezani, ni faida inayobaki kwenye mtaji. Inayobaki ni dola 12. Mtu ambaye faida yake yote inaishia kwenye kodi ya nyumba na sembe, kihesabu ni sawa na mtu asiyeshinda chochote: mtaji hauongezeki, na mawimbi ya bahati lazima siku moja yatamfikisha sifuri. Akikutana na mwezi mbaya, anatakiwa ashuke meza ndogo. Akishuka, kipato kinapungua kuliko matumizi. Anaanza kula mtaji wenyewe. Wachezaji wazuri wengi wamekwisha kwa njia hii, siyo kwa kutojua kucheza.

Kwa hiyo fedha ziwe mafungu mawili yasiyogusana: mtaji wa mchezo, na akiba ya matumizi ya miezi sita angalau (kwake ni milioni 3.6 nyingine). Milioni 3 peke yake ni mtaji wa kujifunzia huku kazi ya utalii ikiendelea kumlisha.

---

Mzee_wa_Njiro:

Karata52 kamaliza upande wa hesabu. Niongeze ya hapa nyumbani.

Leseni zote zinatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya mwaka 2003, na umri ni miaka 18 kwenda juu. Meza za nyumbani, Njiro au Shanty Town kule Moshi, marafiki wakicheza na kila mmoja akaondoka na cha kwake, hiyo ni starehe. Lakini mwenye nyumba akianza kukata kamisheni kwenye kila poti (fungu la madau yote ya mkono mmoja), hiyo ni biashara ya kubahatisha bila leseni, na siku polisi wakija wewe mchezaji utakuwa ndani pamoja naye.

Tukiacha sheria, meza hizo ni mbaya hata kwa mfuko. Tuseme kuna poti 30 kwa saa, wastani wa 40,000 kila moja, mwenyeji anakata asilimia 10. Ni 120,000 kila saa inatoka mezani. Wakikaa saa nane ni 960,000. Wachezaji tisa wote mkiwa sawa kiuwezo, kila mmoja amepoteza zaidi ya laki moja bila hata kushindwa na mtu. Kabla ya kukaa popote uliza maswali mawili: kamisheni ni asilimia ngapi, na ina ukomo? Asilimia 5 yenye ukomo unaoeleweka inachezeka. Asilimia 10 bila ukomo, nyanyuka ukanywe chai.

Meza za ana kwa ana zina mikono 25 hadi 30 tu kwa saa. Hata ukiwa bora sana kuliko wenzako, mwaka mzima wa wikiendi hautakufikisha mikono 50,000. Uzuri wake ni kwamba wapinzani ni dhaifu zaidi kuliko wa mtandaoni kwa dau lilelile.

Wengi wa hapa wakitaka meza kubwa zaidi wanapanda basi kwenda Nairobi kupitia Namanga, saa tano hadi sita. Weka nauli, chumba na chakula kwenye hesabu kama gharama ya biashara. Mpakani, fedha taslimu zinazofika dola 10,000 au thamani yake lazima uzitangaze, kwenda na kurudi.

Kodi: makato kwenye ushindi yanapangwa upya kila bajeti, Sheria ya Fedha inaanza kutumika Julai 1. Uliza keshia kiwango cha mwaka husika kabla hujakaa, na chukua karatasi ya kila malipo. Ukitokea kuweka milioni kadhaa benki, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea TRA.

---

Sakina_Mianzini:

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa habari ya mafungu mawili. Sasa mbona naona wengi wanashauri tonamenti badala ya kashi, kwamba kiingilio ni kidogo na zawadi ni kubwa? Na kuna watu wanatafuta mdhamini awalipie kiingilio. Hiyo inakuwaje?

---

DadaKiboriloni:

Kaka, tonamenti zinapendwa kwa sababu ya mtu mmoja, Chris Moneymaker. Alikuwa mhasibu kutoka Tennessee, akalipa dola 86 kwenye mashindano ya mchujo mtandaoni, akapata tiketi ya shindano kuu la World Series of Poker mwaka 2003, kiingilio dola 10,000. Akawapita 838 akachukua dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye waliojitokeza walikuwa 8,773. Kwetu Afrika kuna Raymond Rahme wa Afrika Kusini, wa tatu mwaka 2007, dola 3,048,025.

Hao ndio tunaowasikia. Kinachofichika ni hiki: tonamenti hulipa takriban asilimia 10 hadi 15 ya walioingia, na wengi kati ya hao wanarudishiwa kiingilio na kidogo juu. Pesa nzito iko kwa watatu au wanne wa mwisho. Kwa hiyo mchezaji mzuri anaweza kukaa miezi mingi akipoteza, huku hajakosea kitu. Mitaji 50 inayotosha kwenye kashi huku haitoshi. Kwa tonamenti za watu mia chache weka viingilio 100 hadi 200, kwa zile za maelfu ya watu hata 300. Milioni 3 zako ni dola 1,200, basi kiingilio cha wastani kiwe dola 5 hivi, kisizidi 10.

Na ukiona mahali imeandikwa mchezaji fulani "ameshinda dola laki tano", kumbuka rekodi hizo zinajumlisha zawadi tu. Viingilio alivyolipa havimo, wala tiketi za ndege. Anaweza kuwa ametumia laki sita.

Kuna la kodi pia. Marekani inakata asilimia 30 ya ushindi wa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao unaohusu ushindi huo, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Kikatwe kwanza hicho, ndipo ugawane na mdhamini.

Udhamini uko wa namna mbili, usiuchanganye.

Ya kwanza ni kuuza hisa za shindano moja. Kiingilio ni laki 4, unauza asilimia 50. Kama mchezaji ana rekodi nzuri anaweza kuuza kwa bei ya juu kidogo, mfano 1.2, yaani asilimia 50 anaiuza kwa 240,000 badala ya 200,000. Hiyo 40,000 ni malipo ya ufundi wake. Asiye na rekodi auze kwa 1.0. Akizidisha 1.3, mnunuzi mwenye akili anakimbia.

Ya pili ni udhamini wa muda mrefu: mdhamini analipa viingilio vyote, faida mnagawana nusu kwa nusu, lakini hasara zinabaki kama deni la nyuma. Mfano: mwezi wa kwanza umepoteza milioni 2. Mwezi wa pili umepata milioni 3. Hamgawani milioni 3. Kwanza milioni 2 zinafidia deni, inabaki milioni 1, kila mmoja laki 5. Kwa miezi miwili ya kazi umepata laki 5. Mchezaji akiwa na deni la nyuma la milioni 8, anacheza miezi na miezi kwa ajili ya mtu mwingine, ndipo wengine wanaanza kucheza kizembe au kutoroka. Andikeni mapema: deni likifika kiasi gani mkataba unavunjika, nani anabeba deni ukivunjika, mchezaji anaruhusiwa kupanda meza ya ukubwa gani, na mdhamini anaona rekodi kila baada ya siku ngapi.

Muandikiane hata kama ni binamu yako. Bingwa wa shindano kuu hilohilo la World Series mwaka 2006, Jamie Gold, alishinda dola milioni 12, kisha akaburuzwa mahakamani na mtu aliyedai waliahidiana nusu kwa mdomo. Waliishia kupatana nje ya mahakama. Na Stu Ungar, aliyeshinda shindano hilo kwa mara ya tatu mwaka 1997, kiingilio chake kililipwa na Billy Baxter, ambaye alichukua nusu ya ile milioni moja. Nusu iliyobaki haikukaa. Ungar alifariki Novemba 1998 akiwa hana kitu. Wengi wanamtaja kama mchezaji mwenye kipaji kuliko wote, ila alipitisha pesa kwenye dawa za kulevya na kubeti michezo mingine. Mdhamini makini ataulizia kwanza kama unabeti mpira.

---

Pau_na_Shupaza:

Mimi naona mnampa moyo kupita kiasi. Enzi za Moneymaker zimepita. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, ya Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Leo kijana wa meza ya senti 25 anasoma majibu ya programu za kukokotoa uchezaji bora kila asubuhi. Na kamisheni kwenye meza ndogo inafika bb 6 hadi 10 kwa mikono 100, kwa hiyo ili ubaki na +3 inabidi uwazidi wenzako kwa 9 hadi 13. Wangapi wanaweza?

Kipimo rahisi. Poti ina dola 6, zimeshafunguliwa karata nne, mpinzani kaweka 4. Wewe una kopa nne, unasubiri ya tano. Unafuata au unatupa? Asiyejibu ndani ya sekunde kumi na sababu zake, asiongee habari ya ajira.

---

Karata52:

Pau, swali zuri, acha nilijibu kwa ajili ya wasomaji. Unalipa 4 kuwania 10, unahitaji kushinda mara 4 katika 14, asilimia 28.6. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, asilimia 19.6. Haitoshi, unatupa, isipokuwa unaamini kopa ikifunguka utamtoa dola 6.50 zaidi kwenye dau la mwisho. Sasa muangalie mpinzani: akiwa na chipsi za dola 5 tu zimebaki, hata akilipa zote hazifiki, tupa. Akiwa na dola 60 na ni mtu asiyeweza kutupa jozi ya AA, fuata. Kosa la wengi ni kutumia ile asilimia 35 waliyoisikia. Hiyo ni ya karata mbili zikiwa bado hazijafunguliwa.

Kuhusu kamisheni nakubaliana nawe. Ndiyo maana kuchagua meza ni nusu ya kazi. Ukikuta meza ambayo wote wanacheza asilimia 22 hadi 26 ya mikono na karibu kila wanachocheza wanapandisha dau, hao ni watu wa kazi, toka. Tafuta yenye mtu anayeingia kwenye nusu ya mikono kwa kufuata tu, ukae kushoto kwake ili aamue kabla yako. Vile vile anayeanza asiwe na haraka na masomo ya programu za kukokotoa. Kwenye meza ndogo faida inatoka kwa watu wanaolipa sana, kwa hiyo ukiwa na mkono mzuri weka dau kubwa, na punguza kuwatisha wasiotishika.

---

NguvuYaJua_Moshi:

Nimeona hakuna aliyegusa mazingira ya kazi yenyewe, nami nipitie haraka.

Tonamenti kubwa za Jumapili zinaanza jioni ya Ulaya, kwetu ni saa mbili au tatu usiku, na ukifika mbali unamaliza saa tisa au kumi alfajiri. Anayeamka saa kumi na moja kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA hawezi kuunganisha. Msimu wa wageni acheze kashi ya saa mbili mbili, tonamenti aziache masika.

Akaunti: cheza penye leseni na panapokubali Watanzania waziwazi. Ukijificha kwa VPN, siku ya kutoa pesa wataomba kitambulisho, na watafunga akaunti na salio likiwemo. Jina la NIDA, la laini ya simu na la akaunti yafanane herufi kwa herufi, "Mohamed" na "Mohammed" ni wiki mbili za barua pepe. Na usirundike mtaji wote sehemu moja. Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ilifunga tovuti kubwa tatu za poka, na wateja wa Full Tilt, mojawapo ya hizo, walio nje ya Marekani hawakuziona fedha zao mpaka Novemba 2012. Wamarekani walianza kulipwa 2014. Mtandaoni weka theluthi, zilizobaki benki.

Ukomo wa kuchemka (kucheza kwa hasira baada ya kupoteza): ukipoteza mitaji mitatu ya meza kwa kikao kimoja, funga kompyuta. Mikono ya siku hiyo ipitie kesho yake mchana. Daftari liwe na tarehe, ukubwa wa meza, saa, idadi ya mikono, matokeo, na safu moja ya "nilicheza vizuri?" ambayo unaijaza kabla hujaangalia salio.

Umeme ukikatika katikati ya tonamenti, mchezo haukusubiri. Muda wako ukiisha karata zinatupwa, na blaindi zinaendelea kukatwa kila mzunguko mpaka chipsi ziishe. Laptop ina betri yake, kinachokuangusha ni ruta. Nunua UPS ndogo ya ruta, ile ya DC, inaishikilia kwa saa kadhaa, na simu ya mtandao mwingine iwe tayari kwa hotspot. Mchezo wenyewe hauli bando kubwa, kinachokula ni video za mafunzo. Kabla ya kulipia geuza ruta usome chini yake: ziko za volti 12 na ziko za volti 9, na ampia zake. UPS nyingi zina matundu yote mawili na pini inaingia kote. Ukichomeka ruta ya 9 kwenye tundu la 12 unaweza kuiunguza.